Kikaratasi, kadi, fomu au kompyuta: kipi kikusaidie kuchagua tiba ya akili pamoja na daktari

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kliniki ya akili hapa Dodoma unajua inavyokuwa. Mmetoka Mpwapwa au Kondoa alfajiri, mmesubiri mpaka saa saba mchana, mkiingia daktari anawaambia kuna dawa hii na kuna ile, kuna sindano ya mwezi, kuna ushauri nasaha, alafu anauliza mnaonaje. Mnaangaliana. Mgonjwa anasema "wewe daktari ndo unajua", ndugu nae anasema hivyohivyo, dawa inaandikwa, mnaenda dirishani. Baada ya wiki tatu kijana kaacha dawa kimyakimya sababu inamlaza na yeye ni bodaboda, na hakuna aliyemuuliza anafanya kazi gani.

Mimi ni nesi, hayo nayaona sana na yananiuma, manake mara nyingi dawa ambayo ingemfaa yule kijana ilikuwepo dirisha lilelile. Kwaiyo nimekaa nikalinganisha nyenzo nne ambazo zimetengenezwa kwa ajili hiyo hasa, kumsaidia mgonjwa na daktari waamue pamoja. Sio vipeperushi vya "sonona ni nini", yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Nyenzo ya kuamulia inakuwekea njia zote zilizopo mezani, faida na ubaya wa kila moja, alafu inakuuliza wewe kipi kina uzito kwako.

Kabla hujachagua, jua inachoweza na isichoweza. Mwaka 2024 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, walitoa mapitio ya majaribio 209 ya nyenzo za aina hii, kwa magonjwa ya kila namna, yenye watu zaidi ya laki moja, na picha ni nzuri: watu wanaelewa zaidi, wanajua hatari kwa uhalisia wake, na hawayumbiyumbi sana wakishaamua. Ila ukija kwenye afya ya akili peke yake, mapitio ya Cochrane ya 2022 kuhusu maamuzi ya pamoja yalipata majaribio 15 tu, na hayakuweza kusema kwa uhakika kwamba ugonjwa wenyewe unapungua. Kwaiyo usiichukue kama dawa. Ichukue kama njia ya kupata tiba ambayo mtu ataweza kuishi nayo asubuhi, mchana na usiku, na akishindwa awe na ujasiri wa kurudi kusema nimeshindwa.

Vigezo nilivyotumia

Vingi vya kwenye vitabu nimeviacha, nimebaki na vile ambavyo huku kwetu ndo vinaamua kama kitu kitatumika au kitaishia kabatini. Cha kwanza ni mda na mahali, yaani inatumika nyumbani, kwenye benchi au ndani kwa daktari, na inakula dakika ngapi. Cha pili lugha na kusoma, manake nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza na wagonjwa wetu wengine, hasa wazee wa vijijini, wanaelewa vizuri zaidi Kigogo au Kirangi kuliko hata Kiswahili. Cha tatu, inakupa taarifa au inakutoa ulicho nacho moyoni, hivi ni vitu viwili tofauti na watu wengi wanavichanganya. Cha nne, dawa inazozitaja zipo huku? Cha tano ndugu wanaingiaje, sababu huku kwetu mgonjwa haamui peke yake, kuna mama, kuna baba mdogo anayelipa nauli, kuna mume. Cha mwisho gharama, na nani anaianzisha, wewe au hospitali.

1. Maswali matatu

Hii ndo ndogo kuliko zote. Unaingia kwa daktari na maswali matatu: Nina njia zipi? Kila njia ina faida gani na madhara gani? Kwa mtu kama mimi, uwezekano wa hizo faida na madhara kutokea ukoje? Yalijaribiwa Australia, utafiti ukachapishwa 2011, na kinachonifurahisha ni kwamba yalijaribiwa kwenye sonona kabisa: waigizaji waliojifanya wana sonona walienda kwa madaktari ambao hawakujua yupi ni mwigizaji, mara wanauliza maswali haya, mara hawaulizi. Walipouliza, madaktari walitoa taarifa bora zaidi. Daktari ni yuleyule, kilichobadilika ni maswali tu.

Mda na mahali: dakika chache, ndani kwa daktari. Unaweza kuyaandika nyuma ya kadi ya kliniki ukiwa bado kwenye benchi.

Lugha na kusoma: hapa hakuna wa kushindana nayo. Hayahitaji kusoma, yanashikika kichwani, yanaulizwa kwa Kigogo yakatafsiriwa na mjukuu. Chukulia mama wa Mpwapwa kamleta kijana wake anayefanya kazi kwenye shamba la zabibu:

"Shikamoo mama."
"Marahaba baba. Sasa baba, huyu mwenzio hizi dawa zinamlaza, asubuhi haamki, shambani wameshaanza kulalamika. Kuna njia gani nyingine?"
"Tunaweza kupunguza dozi, au dozi yote tukaihamishia usiku, au tukabadilisha dawa."
"Na kila moja ubaya wake nini?"
"Tukipunguza, zile sauti zinaweza kurudi. Tukihamishia usiku hatupotezi kitu, ila asubuhi za mwanzo bado atakuwa mzito. Tukibadilisha, hiyo nyingine inaweza kumuongeza uzito."
"Kwa huyu anayeamka saa kumi na moja, wewe unaona ipi ina nafasi zaidi?"

Mazungumzo hayo hayachukui hata dakika tano, na mama hajagombana na mtu wala hajajifanya anajua udaktari.

Taarifa au moyo: yanategemea kabisa kilichopo kichwani kwa daktari. Daktari mchovu aliyeshaona wagonjwa arobaini anaweza kukujibu "madhara ni madogo tu", basi imeisha hiyo. Hapo rudia swali la tatu kwa namna nyingine, muulize kati ya watu kumi wanaotumia hii dawa, wangapi inawalaza. Alafu maswali haya hayakuulizi wewe unataka nini, hiyo lazima uiseme mwenyewe.

Dawa za huku: hakuna shida yoyote, unaulizia zilizopo dirishani siku hiyo.

Ndugu: wanaweza kuuliza wao, na hapo pia ndo penye hatari, ndugu anauliza yote matatu mgonjwa kakaa kimya pembeni kama vile haongelewi yeye. Nashauri mgonjwa aulize walau moja.

Gharama na mwanzilishi: bure, na unaanzisha wewe bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Inamfaa nani: mwenye kliniki kesho, asiyesoma, anayehama hospitali mara kwa mara, na yule ambaye anaogopa kuonekana mjuaji mbele ya daktari.

2. Kadi za kuchagulia dawa ya sonona

Hizi zilitengenezwa na Mayo Clinic ya Marekani. Ni kadi zenye mada: uzito, usingizi, mambo ya tendo la ndoa, bei, namna ya kuacha dawa, na mengine ya kuzingatia. Daktari anazitandaza mezani anakuuliza tuanze na ipi. Ukichagua usingizi, kadi ya usingizi inakuonyesha dawa hii inalaza, hii haina shida, hii inakunyima usingizi. Ukimaliza unachukua nyingine. Mpaka mnafika kwenye dawa yenyewe, mgonjwa ameshasema ni nini hataki kukipoteza.

Hapa nitakaa kidogo manake kuna kitu naona watu hawakitaji. Dawa nyingi za sonona zinaweza kugusa nguvu za tendo la ndoa, na hilo ni jambo ambalo mwanaume wa huku hawezi kulitamka mbele ya nesi wa kike, tena akiwa kasindikizwa na mama yake mzazi, haiwezekani. Anachofanya anakubali dawa, anaenda nayo nyumbani, linatokea lililotokea, anaacha dawa, anakuja kwetu baada ya miezi amekonda na hasemi sababu. Kadi ikiwa mezani imeshaandikwa, hahitaji kutamka, anaisogeza tu kwa kidole na daktari anaelewa. Na mama nae hivyohivyo, kuna ambaye kumwambia daktari "naogopa kunenepa" anaona kama ni ujinga mbele ya ugonjwa, wakati ndo kitakachomfanya aache.

Mda na mahali: ndani kwa daktari. Hofu ya madaktari wengi ni kwamba zitakula mda, ila jaribio lililochapishwa 2015, lenye wataalamu 117 na wagonjwa 301 kwenye vituo 10 vya majimbo ya Minnesota na Wisconsin, halikuona mda ukiongezeka. Wagonjwa walielewa zaidi na waliridhika zaidi na uamuzi wao. Kumeza dawa kwa kufuata dozi hakukubadilika wala dalili za sonona hazikutofautiana, nalisema wazi ili usiuziwe matumaini ambayo hata waliozitengeneza hawakuyaahidi.

Lugha na kusoma: Kiingereza, lakini maneno machache. Nesi anaweza kusoma kwa sauti na mgonjwa akachagua.

Taarifa au moyo: vyote viwili, na hii ndo nguvu yake kubwa. Kati ya nne, kwenye kukupa taarifa za dawa hii inaongoza.

Dawa za huku: hapa ndo inapokwama. Orodha yake ni ya Marekani, ndefu, na bei zimewekwa kwa mfumo wa bima wa kule. Kwetu mara nyingi uchaguzi wa kweli ni kati ya amitriptilini na fluoksetini. Hizo mbili zinatofautiana sana: amitriptilini inalaza, inakausha mdomo, inafunga choo, inaweza kuongeza uzito, na ikimezwa nyingi kwa wakati mmoja ni hatari kweli kwa moyo. Fluoksetini hailazi sana, wengine inawanyima usingizi wakiinywa usiku, na inaweza kugusa tendo la ndoa. Kliniki inaweza kabisa kutengeneza kadi zake kwa dawa zake, mada zilezile, kwa Kiswahili, ilimradi daktari na mfamasia wapitie kila mstari kabla haijafika mezani. Usichukue za kwenye mtandao ukazitafsiri mwenyewe ukamgawia mgonjwa.

Ndugu: hazijawapangia nafasi, ni daktari na mgonjwa. Kwa kadi ya tendo la ndoa hiyo ni heri.

Gharama na mwanzilishi: kuziona mtandaoni ni bure, ila kliniki ndo inaanzisha. Wewe ndugu ukizibeba mwenyewe kwenye simu unaweza kumuonyesha daktari zile mada, sio zile dawa, na hata hilo linasaidia.

Inamfaa nani: anayeanza au anayebadilisha dawa ya sonona. Wenye bipola (hisia kupanda kupita kiasi alafu kushuka) na skizofrenia (kama kusikia sauti zisizokuwepo) hapa hawamo.

3. Fomu ya Ottawa

Imetoka Kanada, hospitali ya Ottawa, ni kurasa mbili, na haijali ugonjwa wala dawa, inafaa uamuzi wowote. Unaandika uamuzi wenyewe ni upi, unaandika njia zako, kila njia unaorodhesha sababu za kuitaka na sababu za kuikwepa, alafu kila sababu unaipa nyota kuanzia sifuri mpaka tano kulingana na uzito wake kwako. Chini kuna maswali manne mafupi ya kujipima: una uhakika na unachochagua, unajua faida na madhara, unajua kipi kina uzito zaidi kwako, una mtu wa kukushauri na kukutia moyo.

Niiweke kwa mfano wa uamuzi tunaokutana nao sana, vidonge kila siku au sindano ya mwezi kwa mwenye skizofrenia. Upande wa sindano, sababu za kuitaka: "sisahau dozi", nyota nne. "Mama haniulizi kila asubuhi mbele ya watu umemeza", nyota tano. Sababu za kuikwepa: "nauli ya kuja mjini kila mwezi", nyota tatu. "Ikinipa ukakamavu wa mwili haitoki leo wala kesho, inakaa wiki kadhaa", nyota tano. Upande wa vidonge: "nikipata shida daktari anaweza kupunguza haraka", nyota nne, na cha kuikwepa, "mvua zikianza nahamia shamba, dawa zinaisha nikiwa huko", nyota nne. Angalia hapo, hakuna hata nyota moja ambayo daktari angeijua bila kuambiwa, na ile ya nyota tano kuhusu mama haitasemwa kamwe mama akiwa amekaa pembeni.

Mda na mahali: nyumbani, jioni, kwa utulivu. Inaweza kuchukua saa zima, inaweza kuchukua wiki. Kwa daktari unaenda nayo imejaa, anaisoma kwa dakika mbili.

Lugha na kusoma: hapa ndo kikwazo chake, inataka mtu anayesoma na kuandika na mwenye akili iliyotulia siku hiyo. Lakini ukichora mwenyewe kwenye daftari la shule, mistari na nguzo, inafanya kazi ileile, na nyota unaweza kutumia hata maharage, maharage matano kwa jambo zito. Mtoto wa darasa la sita anaweza kumwandikia bibi yake, kama mambo yenyewe ni ya kuandikwa na mtoto.

Taarifa au moyo: moyo. Fomu haina habari yoyote kuhusu dawa, ukiingia nayo hujui madhara ya sindano utajaza tetesi za jirani. Kwaiyo inatangulia kuonana na daktari kwa ajili ya kukusanya maswali, alafu inamaliziwa baada ya kupata majibu.

Dawa za huku: haina dawa, kwaiyo haikosei.

Ndugu: hapa inazizidi zote. Ina sehemu ya kuandika nani wengine wanahusika, wao wanataka njia ipi, wanakushinikiza au wanakusaidia, na wewe unataka uamue mwenyewe, uamue nao, au wakuamulie. Lipo pia toleo la kujaza watu wawili. Kwa familia zetu naona hilo lina thamani kubwa mno, sababu ugomvi mwingi kati ya mama na kijana sio kuhusu dawa, ni kwamba kila mmoja ana nyota zake na hajawahi kumuonyesha mwenzie. Hata yule baba mdogo anayesema aende kwanza kwenye maombi au kwa mganga, aandikwe humo, ajulikane amesimama wapi, kuliko kumficha alafu dawa zikatupwa yeye akija.

Gharama na mwanzilishi: bure, unaanzisha wewe.

Inamfaa nani: mwenye uamuzi mgumu usio na haraka, aliye kwenye nafuu, na familia ambayo haielewani.

4. Kompyuta ya kwenye chumba cha kusubiri

Mfano unaojulikana zaidi ni CommonGround ya Marekani, aliyeibuni ni Patricia Deegan, mwanamama aliyeambiwa ana skizofrenia akiwa bado binti, akasoma mpaka udaktari wa saikolojia. Mgonjwa akifika kliniki anakaa kwenye kompyuta kabla ya kumuona daktari, anasaidiwa na mtu ambaye nae amepitia ugonjwa wa akili, anajibu maswali kuhusu dalili, madhara ya dawa, wasiwasi wake, na vitu anavyofanya mwenyewe vya kumpa nguvu, Deegan anaviita dawa binafsi. Inatoka ripoti ya ukurasa mmoja, anaingia nayo kwa daktari.

Mda na mahali ni kwenye benchi, na kwakweli mda wa benchi tunao mwingi huku kuliko kitu kingine chochote. Lugha ni Kiingereza, ila kwa kuwa kuna mtu wa kusaidia, asiyesoma nae anapata nafasi. Inatoa moyo na taarifa pia, na rekodi ya mwezi uliopita inabaki, kwaiyo mnaona kama usingizi unazidi au unapungua. Dawa za kwake ni za mfumo wa kule. Ndugu hawana nafasi kubwa. Gharama ndo ukuta: sio apu ya kupakua, inafungwa na kliniki, inataka kompyuta, umeme, leseni, na watu waliofundishwa na kulipwa. Mgonjwa mmojammoja hawezi kuianzisha.

Sijaiweka hapa ili kuwatamanisha bure. Kuna vitu viwili vyake ambavyo havihitaji kompyuta. Kimoja ni huyo mwenzako aliyepitia, anayekaa na wewe kwenye benchi na kukusaidia kupanga utakachosema, na kliniki zetu zimejaa watu wa namna hiyo ambao wamepata nafuu miaka na wanajua mengi, hatuwatumii tu. Kingine ni hiyo dawa binafsi. Mtu akimwambia daktari "mimi nikiwa naimba kwaya nakuwa mzima, na hii dawa inanitetemesha mdomo siwezi kuimba", daktari anapata kitu cha kushika kuliko "dawa hainipendi".

Inamfaa nani: kliniki kubwa au mradi wenye fedha, wanaotaka kubadilisha mfumo mzima na sio mgonjwa mmoja.

Sasa angalia wewe uko wapi

Una kliniki kesho na hujajiandaa. Maswali matatu, andika usiku huu, na ya kwanza aulize mgonjwa mwenyewe.

Ni sonona, ndo unaanza dawa. Kadi kama kliniki inazo, kama haina chukua mada zake uziulizie moja moja: usingizi, uzito, tendo la ndoa, bei, kuacha. Ongeza moja ambayo kadi hazitakuokoa nayo, uliza nafuu itaanza kuonekana lini. Dawa za sonona zinachukua wiki kadhaa wakati madhara yanaweza kuja siku za mwanzo, na baada ya kupata nafuu kwa kawaida inashauriwa kuendelea walau miezi sita. Asiyeambiwa hilo anaacha wiki ya pili akiamini imeshindikana. Na kama sonona ni ya wastani au ndogo, uliza ushauri nasaha unapatikana siku gani na wapi, usikubali njia ziwe vidonge tu.

Ni uamuzi wa miaka, vidonge au sindano, kuendelea au kupunguza. Fomu ya Ottawa kwenye daftari, na msiijaze siku mmegombana.

Ni bipola na daktari ametaja lithiamu, dawa ya kutuliza hisia. Maswali matatu, ila la tatu liulize kwa hali ya hewa yetu: jua la Dodoma la Oktoba na Novemba linakausha mwili, na mwili ukikosa maji lithiamu inapanda kwenye damu mpaka inakuwa sumu. Uliza kipimo cha damu kinafanyika wapi na kila baada ya mda gani. Kama hakipatikani karibu na kwenu, hiyo ni sababu ya nyota tano kwenye fomu yako.

Ni mwanamke ambaye anaweza kubeba mimba na ametajiwa valproeti, dawa ya kifafa inayotumika pia kwa bipola. Hapa simung'unyi maneno. Watoto kama 10 kati ya 100 waliopata dawa hii tumboni wanazaliwa na kasoro za mwili, na 30 mpaka 40 kati ya 100 wanapata shida za ukuaji wa akili na kujifunza. Uliza njia nyingine kabla ya kuanza, na kama umeshaanza usiache ghafla, rudi haraka mzungumze. Hakikisha namba hizo zimewekwa mezani hata kama kliniki haina nyenzo yoyote.

Mgonjwa hasomi, na Kiswahili kwake ni cha shida. Maswali matatu kwa lugha yake, maharage badala ya nyota, na mtafsiri awe mtu ambaye mgonjwa hamuogopi. Mume sio mtafsiri mzuri kama tatizo lenyewe linamhusu mume.

Wewe ni mtumishi na unataka kuanzisha kitu kazini. Kama wagonjwa wako wengi ni wa sonona anza na kadi za dawa mlizonazo, mbili tatu tu. Kama wengi ni wa mda mrefu, weka fomu fupi kwenye benchi na mtafute mgonjwa mmoja aliyepona vizuri awasaidie wenzie kuijaza. Usianze na vyote.

Mgonjwa amezidiwa, haongei yanayoeleweka, au anazungumzia kujiua. Leo hakuna kadi wala fomu, mpelekeni hospitali sasa hivi, na kama nyumbani kuna amitriptilini au dawa nyingine nyingi azitunze mtu mwingine. Kuna Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inayosimamia kulazwa kwa asiyeweza kuridhia, wauguzi watawaelekeza. Fomu irudi baada ya wiki kadhaa akiwa ametulia, na safari hii iwe na swali jingine: nikizidiwa tena, dawa ipi nipewe kwanza, ipi nisipewe, nani aitwe. Andikeni nakala mbili, moja kwenye faili lake, moja kwa ndugu aliyemtaja.